Linux ya Papa Prudence

Wasichana wa lise moja, shule ya sekondari pale Makiso, walimwita mwalimu wao wa kompyuta Madame Dirisha, wakidhani hana habari. Kyakimwa habari alikuwa nazo, na jina halikumuudhi. Alikuwa amewafundisha watoto wa Kisangani kutumia Windows tangu zama za mashine zenye visogo vikubwa, zilizobebwa na watu wawili kama jeneza, na aliamini kabisa kwamba msichana anayeijua Windows vizuri hatalala njaa katika mji huu. Benki wanayo, mashirika wanayo, masista wanayo, hata yule mchapaji wa kibandani karibu na posta anayo. Ya nini kumtembeza mtu porini wakati barabara ipo?

Kwa hiyo Ijumaa ile, mumewe Arthur aliporudi kutoka kazini Yangambi, akakaa sebuleni na kufungua kompyuta yake, na badala ya rangi zilizozoeleka kikatokea kioo cheusi chenye maandishi manene meupe, Kyakimwa alibaki amesimama na sahani mkononi, kama aliyemkuta mgeni asiyemjua kwenye kiti cha mwenye nyumba.

"Hii ni nini tena, papa Prudence?"

"Linux."

"Naona ni Linux. Nauliza sababu: juu ya nini?"

Arthur alikuwa mtu wa Yanonge, mzaliwa wa wavuvi, mpole mwenye mwili mkubwa. Kazi yake ilikuwa kutunza takwimu za miti na kahawa katika kituo cha utafiti. Juma zima alikaa huko, na mwisho wa juma alipanda mto kurudi kwa mkewe. Binti yao wa pekee, Prudence, alikuwa bweni kwa masista, hivyo nyumba ilikuwa yao wawili. Kwa desturi Arthur hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ile maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Alieleza habari za virusi vinavyohama kwa flash za wenzake. Alieleza jinsi nakala yake ya Windows, aliyowekewa na fundi mmoja wa sokoni, ilivyokuwa ya magendo na kumkatisha kazi kila mara. Alisifu wepesi wa Linux kwenye mashine iliyochoka.

"Tena iko wazi," akamalizia. "Mutu yeyote anaweza kuingia ndani, aangalie namna baliitengeneza. Hakuna kitu ya kujificha."

Kyakimwa akaweka sahani mezani. "Bon. Kama hakuna kitu ya kujificha, mot de passe ni ya nini?"

Maana alikuwa ameviona vidole vya mumewe vikiandika neno la siri kabla ya kuingia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane. Kompyuta ile ile Kyakimwa aliitumia Jumamosi kutayarishia mitihani.

"Ni habitude tu, mazoea ya kazi," Arthur alisema, akaifunga.

Kyakimwa akarudi jikoni. Hakuwa mwanamke wa kugombana kwa jambo dogo, lakini hakuwa pia mwanamke wa kulisahau.

Jumapili, baada ya misa, kaka yake Maurice alikuja kula. Maurice alikuwa mfanyabiashara wa jumla, wa wale waliotoka Butembo na gari moja la maharage na leo wana maghala mawili mjini. Alikuwa amempinga Arthur tangu siku ya kwanza. Hakumchukia. Aliamini tu kwamba mtu aliyezaliwa juu ya maji hana mahali pa kusimama. Kyakimwa alikuwa ametwanga lituma ya ndizi na kupika samaki wa kuvukizwa, na kabla tonge la pili halijashuka aliianzisha mada mwenyewe.

"Yaya," alimwita kaka yake, "shemeki yako ameacha Windows. Sasa anatumia kitu ya bure."

Maurice alilamba vidole. "Bure namna gani?"

"Bure kabisa," Arthur akasema. "Watu dunia nzima wanaitengeneza, kila mutu sehemu yake, halafu wanagawa."

"Mi niko commerçant, shemeki. Nikiona mutu anagawa bidhaa bure, siangalie bidhaa. Naangalia mikono yake."

"Kwetu tulikuwa na wavu mukubwa, haukuwa na mwenyewe. Kijiji chote kinaushona, kijiji chote kinakula."

"Na siku umepasuka, nani anaitwa?"

"Ule anayeona tobo wa kwanza."

"Alors mi nasema haitwi mutu," Maurice alisema, akacheka peke yake.

Kyakimwa akaingia kwa hoja zake, na hoja zake zilikuwa za mtu anayejua anachosema. Akamkumbusha mumewe ripoti aliyomtumia aichapishe lise: alipoifungua kule, majedwali yote yalikuwa yametembea, safu ya kahawa imeingia kwenye safu ya mvua. Akamuuliza kama printa ya nyumbani ilikubali mfumo huo. Haikukubali. Akamuuliza ni ofisi gani ya Kisangani itakayompokea kesho kituo kikifunga, mtu anayejua mfumo usiotumiwa na yeyote. Arthur alikubali hoja ya kwanza. Alikubali ya pili. Alikubali hata ya tatu, akitafuna polepole.

"Basi unarudi kwa Windows," Kyakimwa alisema.

"Hapana."

Alilisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayekataa kuongezwa chakula. Na hapo ndipo kitu kilipomgusa Kyakimwa kifuani. Mtu anayeshindwa katika kila hoja na bado hataki kuacha, basi ana hoja nyingine ambayo hajaitaja.

Alipomsindikiza Maurice mpaka kwenye gari lake, kaka yake alifungua mlango, akasita.

"Dada, bwana yako habishani juu ya machine. Muulize kitu moja tu: nani alimuwekea."

Kyakimwa aliuliza jioni ile ile, akikunja nguo, kwa sauti ya kawaida.

"Collègue moja wa kazi," Arthur alijibu.

"Jina lake?"

"Hata nikikuambia, huwezi kumujua."

Tangu hapo Kyakimwa akaanza kuokota. Anayetafuta hakosi cha kuokota, na mambo ya Arthur yalikuwa yametapakaa kila mahali. Alikuwa sasa anakaa na kompyuta akiwa ameupa mgongo ukuta, na sikio moja limezibwa na kisikilizio. Ukimjia kwa pembeni alishtuka na kukifunga kifuniko. Moto yake, pikipiki aliyoipenda kama mtoto, ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba. Alisema inataka kifaa, lakini kifaa hakukitafuta. Kwenye meza aliigonga glasi ya maji na kuiangusha, na alipoulizwa akasema amechoka. Jirani yao mama Odile, mkaanga mikate, alimsimamisha Kyakimwa njiani na kumwambia kwa uso wa kucheka usiocheka:

"Mume wako amekuwa mukubwa siku hizi. Anapita karibu ya sufuria yangu, namusalimia kwa mukono, ananiacha na mukono yangu juu."

Kyakimwa aliomba radhi kwa niaba yake. Moyoni alijiambia: mtu ambaye haoni majirani, kichwa chake kiko kwa mwingine.

Kisha ikaja Jumamosi aliyosikia sauti. Alikuwa ameenda kwenye mkutano wa akina mama wa parokia, nao ukavunjika mapema kwa sababu ya mvua. Alirudi na kanga kichwani, akaingia kwa mlango wa nyuma. Umeme ulikuwa haujarudi, jenereta ya jirani ilikuwa ikinguruma, na mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umerudishwa. Nyuma ya mlango, mwanamke alikuwa anasema.

Alisema kwa Kifaransa, upesi upesi, bila kupumua, kama anayeogopa salio la simu litakwisha. Kyakimwa hakulipata neno la mwanzo, lakini ya mwisho aliyapata yote: kwamba atamngoja Jumatatu kama kawaida, kwamba asiogope, kwamba hakuna atakayejua mpaka yeye mwenyewe awe tayari kusema. Kisha sauti ikajitaja jina. Fanny.

Akausukuma mlango. Arthur alikuwa peke yake kitandani, kompyuta mapajani, waya wa kisikilizio umechomoka na kuning'inia. Dirisha lilikuwa limefungwa. Hapakuwa na mtu.

"Nani ule?"

"Nani?"

"Mwanamuke aliyekuwa anasema."

Arthur aligeuza uso upande wake, macho yakatafuta kidogo kabla ya kumfikia. "Ilikuwa radio."

Radio yao ilikuwa jikoni, na Kyakimwa alikuwa ameipita akija. Haikuwa imewashwa. Alivua kanga iliyolowa, akaitundika, akatoka kwenda kuinjika sufuria. Katika ndoa yao Arthur aliwahi kuchelewa, kusahau, kununa. Kudanganya, hapana. Na alikuwa amedanganya vibaya, kama mtu asiye na mazoezi, jambo lililomuuma Kyakimwa kuliko uongo wenyewe.

Jumatatu Arthur alishuka mto kwenda kazini. Kyakimwa alifundisha siku mbili bila kusikia anachokifundisha, kisha akaomba ruhusa kwa mkuu wa lise, akasema ana matatizo ya familia. Kwa Maurice hakusema lolote. Maurice angekuja na gari, na wajomba, na maneno ambayo hayarudishwi. Alishuka mpaka beach, kwenye gati, akapanda canot, boti ya injini inayokwenda Yangambi, akaketi kati ya magunia ya chumvi na mama mmoja aliyebeba kuku, na njia nzima alipanga maneno. Aliyapanga kwa Kifaransa, kwa sababu mwanamke yule alisema Kifaransa. Akayapanga upya kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiswahili alijua kuuma.

Canot ilipotia nanga Yanonge, wachuuzi walizunguka na samaki na matunda ya safu. Kyakimwa hakununua. Aliangalia njia inayopanda kutoka majini mpaka kwa wakwe zake, akamkumbuka baba mkwe. Mzee yule alikufa kipofu. Watu walisema ni ugonjwa wa mto, wengine wakasema ameangaliwa na jicho baya. Miaka yake ya mwisho aliongozwa kwa fimbo mpaka chooni, na mtumbwi wake ulikuwa umechukuliwa na wadogo zake bila kuombwa. Siku ya mazishi Arthur alimwambia neno moja tu, wakiwa wamesimama pale pale penye matope: "Papa hakukufa jana. Alikufa siku ile banamunyanganya pirogue." Hakuwahi kulirudia. Dereva akavuta kamba ya injini, nao wakaendelea.

Yangambi mlinzi alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu katika jua lile.

"Madame Fanny? Nenda kule kwa maktaba, mulango wa mwisho. Utasikia machine yake mbele ya kumuona."

Kyakimwa hakuyatilia maanani maneno hayo mpaka alipofika kwenye baraza. Mlango wa mwisho ulikuwa nusu wazi, na kutoka ndani ilikuwa inakuja ile sauti. Ile ile: kavu, ya haraka, isiyopumua. Akaingia bila kupiga hodi.

Chumba kilikuwa na rafu za vitabu vya zamani na meza moja. Mwanamke wa makamo, mnene, aliyesuka nywele vizuri, alikuwa amekaa nyuma ya kompyuta kuukuu, vidole juu ya vibonye. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Sauti iliendelea. Ilikuwa inasoma majina ya miti.

"Nani?" mwanamke aliuliza, na uso wake ulielekea mlangoni lakini si kwake. Macho yalikuwa na utando mweupe kama maji ya mchele.

Maneno yote aliyoyapanga kwenye canot yakampotea Kyakimwa, ya Kifaransa na ya Kiswahili.

"Niko bibi ya Arthur," alisema.

Fanny alibonyeza kitufe. Sauti ikanyamaza katikati ya neno. "Ah. Basi alisema. Ni vizuri, maman. Nilimuombea asikawie."

"Hajasema kitu."

Nje kuku waliparura. "Kama hajasema," Fanny alijibu, "mimi si mutu wa kusema kwa nafasi yake."

Lakini halikuwa na haja tena ya kusemwa. Kyakimwa alisimama pale, mwalimu wa kompyuta wa miaka yote hiyo, akiitazama mashine iliyokuwa inamsomea kipofu, na vile alivyoviokota vikaanza kumgeukia kimoja kimoja: maandishi manene meupe juu ya weusi, moto iliyosimama nyuma ya nyumba, glasi ya maji, mkono wa mama Odile uliobaki hewani. Aliwahi kusoma habari za programu za namna hii, aliwahi hata kuzitaja darasani. Nyuma ya mlango wake mwenyewe, ikimsomea Arthur barua ya Fanny, hakuitambua. Wivu una masikio yake.

"Ni macho yake," alisema.

Fanny alipapasa kando ya meza, akavuta kiti, akakisogeza kuelekea ile sauti ya mgeni.

Kyakimwa alikaa. Alitaka kulia, lakini shaka iliyokwisha kuota haing'oki kwa mvuto mmoja. "Juu ya nini alikuambia wewe? Miye niko bibi yake."

"Kwa sababu mbele yangu hakuwa na kitu ya kupoteza," Fanny alisema. "Mimi nilipoanza kutoona, nilisema mapema, kwa nyumba yote. Bwana yangu alienda Isangi kununua chumvi. Mpaka leo angali ananunua." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekizoea kichekesho chake. "Arthur anaijua hiyo hadithi. Labda ingekuwa muzuri asiijue."

Kisha, kwa kuwa walikuwa wanawake wawili wanaofanya kazi kwa kompyuta, wakaanza kuzungumza habari za mashine. Fanny alimweleza kwamba kompyuta aliyopewa ilikuwa ya kutupwa. Kwa Windows ilikuwa ikilala usingizi kila akiigusa, na kwa Linux iliamka, ikasoma kila kitu, ikamrudishia kazi yake; ndiyo hiyo aliyomwekea Arthur. Kyakimwa, bila kujizuia, akamwambia kwamba Windows nayo ina kisomaji cha bure, tena kizuri, kinachosoma majedwali vizuri zaidi.

"Umekijaribu na macho ya kufunga?" Fanny aliuliza.

"Hapana."

"Alors tutabishana siku umejaribu."

Walikuwa katika hayo Arthur alipoingia. Aliingia kwa bega, mkono ukigusa fremu ya mlango kwanza, jambo ambalo Kyakimwa hakuwahi kuligundua nyumbani. Alikuwa ameshika karatasi. Kiti cha Kyakimwa kilikuwa pembeni kidogo ya mlango, karibu kiasi kwamba shati la Arthur lilimpitia usoni. Hakumwona. Alimpita mkewe kama alivyompita mama Odile, akasimama mbele ya meza.

"Fanny, ile jedwali ya kahawa ilikubali. Imeisoma yote, mpaka chini." Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtoto.

Kyakimwa alimtazama mgongo. Alikuwa amekuja na hasira kutoka Kisangani, na bado alikuwa nayo, lakini ilikuwa imekosa pa kukaa.

"Papa Prudence," alisema.

Karatasi ilimtoka Arthur mkononi. Aligeuka, na macho yale yakatafuta tena, kushoto, kulia, mpaka yakampata.

Fanny alisimama, akachukua fimbo yake, akasema anakwenda kunywa maji. Alikawia sana huko kwenye maji.

"Tangu lini?" Kyakimwa aliuliza.

"Ilianza kwa pembeni. Kama mutu anafunga pazia polepole. Katikati naona. Naona uso yako sasa."

"Na mot de passe?"

"Ungefungua ile machine, ingeanza kusema. Ungejua."

"Nilijua kitu ingine, Arthur. Nilijua una mwanamuke. Nimekaa na hiyo kitu kwa tumbo, nikifundisha, nikipika, nikikuwekea sahani. Uliona ni vizuri?"

Arthur alikaa kwenye kiti cha Fanny. Mwili ule mkubwa ulionekana umemwagika. "Yaya Maurice siku zote anasema sina mahali ya kusimama. Nikasema, siku anasikia, atakuja na gari, akuchukue."

"Ni Maurice njo alinioa?"

Arthur aliinamisha kichwa.

"Nauliza. Maurice njo alinioa?"

"Hapana," alisema, akafunika uso kwa viganja. Kyakimwa hakumgusa mara moja. Alimwacha alie, kwa sababu alimdai kilio hicho. Kisha akainama, akaokota karatasi, akavuta kiti chake karibu na cha mumewe, upande ule wa katikati ambako angemwona.

Walipanda mto pamoja. Mjini, daktari wa macho aliyapima kwa mashine ya kupuliza hewa na kusema ni presha ya macho. Kilichokwisha kwenda hakitarudi, alisema, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, bila kuruka, maisha yote. Aliuliza kama katika ukoo kuna aliyepofuka. Arthur alimtaja baba yake. Daktari aliandika, na akasema inawezekana kabisa kwamba mto haukuwa na kosa. Arthur alipofika mlangoni pa nyumba akasema, "Papa angewekewa matone," akaingia ndani.

Kituoni alimwambia mkuu wa idara mwenyewe, Kyakimwa akiwa amekaa kando yake. Mkuu alisema kazi iendelee mpaka mwisho wa mkataba, kisha wataona. "Wataona" ni neno la wakubwa, na Kyakimwa hakulipenda, lakini halikuwa hapana.

Kumwambia Maurice ilikuwa kazi yake. Alimfuata ghalani, kati ya magunia, akamweleza yote kwa kusimama. Maurice alisikiliza akisugua kidevu.

"Donc hakukuwa na mwanamuke."

"Alikuwako. Anaitwa Fanny. Jumapili anakuja kula kwangu, na weye utakuja, na hautasema kitu juu ya watu ya maji."

Maurice alimtazama dada yake kama anayepima mzigo kwa macho. "Na Prudence? Hiyo kitu inaingia kwa damu."

Kyakimwa alikuwa amekwisha kuliwaza hilo, usiku na mchana, na hakutaka kulisikia kwa mdomo wa mwingine. "Tutamupima likizo," alisema. Jumamosi ya juma lile Maurice alimtuma dereva wake na mfuko wa mchele na neno kwamba gari liko, siku yoyote shemeki akitaka kupelekwa beach. Hakuja mwenyewe kulisema, lakini Jumapili alikuja kula, akakaa karibu na Fanny na kumbishia juu ya vitu vya bure mpaka chakula kikapoa.

Kyakimwa naye alijaribu kama alivyoahidi. Aliweka kisomaji cha Windows kwenye mashine ya lise, akafunga macho kwa kitambaa, akapotea ndani ya jedwali kama mlevi sokoni. Akajaribu Linux ya Arthur, akapotea vile vile, lakini upesi zaidi. Alishikilia kwamba Windows inasoma majedwali vizuri. Arthur alishikilia kwamba Linux haimwachi njiani. Hawakupatana, ila sasa kila mmoja alijua mwenzake anabishania nini.

Asubuhi Kyakimwa ndiye aliyemtia Arthur matone. Hakumwachia afanye mwenyewe. Mtu aliyesema radio anaweza kusema dawa nimetia. Arthur alikaa kitandani, kichwa nyuma, akapepesa, maji yakamshuka mashavuni. Kisha Kyakimwa alinyoosha mkono mbele yake.

"Unaona?"

"Naona."

Aliusogeza pembeni, polepole, mpaka kwenye usawa wa sikio. "Na sasa?"

Arthur alisita. "Naona," alisema.

Kyakimwa hakumwamini. Aliurudisha mkono kidogo kidogo kuelekea katikati, akiyatazama yale macho, mpaka alipoona yameushika kweli.

"Hapa," alisema Arthur.

"Hapa," Kyakimwa akakubali, akafunga chupa ya dawa.